Vitabu Vipya Chuoni: Ni Nani Atakayevisoma?

Kitabu kipya kinunuliwapo na chuo hakifiki rafuni siku ile ile. Walimu hutoa majina ya vitabu wavihitajivyo. Kisha wakutubi huviagiza, huvipiga muhuri, huviandika katika orodha, na kuvipa namba kwa kadiri ya elimu iliyomo, ili cha tiba kisichanganyike na cha kilimo. Taabu yote hii ni kwa ajili ya kijana mmoja: akitafute, akione, akisome.

Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari hii, kwani wako wazazi hapa Kiloleli, mkoani Simiyu, wauzao pamba na ng'ombe ili mtoto aende chuoni, na maktaba ya chuo hicho hawajapata kuiona. Karo waijua, vitabu hawavijui.

Tarehe 27 Novemba 2018 ilifunguliwa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina. Yaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na ina nafasi ya vitabu 800,000. Nafasi kubwa kama hiyo hujazwa kidogo kidogo, wala kazi haina mwisho, maana elimu haisimami. Kitabu cha sheria kilichotungwa kabla ya sheria kubadilishwa, au cha tiba kilichotangulia dawa mpya, chaweza kumpoteza mwanafunzi.

Lakini yako mazoea mabaya yaliyoenea. Kijana huandika ayasemayo mwalimu, hunakili maandishi ya mwenziwe, hufaulu mtihani, akarudi nyumbani na shahada bila ya kumaliza hata vitabu vitano. Hasara hii humpata mzazi aliyeuza ng'ombe, na humpata pia mgonjwa au mkulima atakayehudumiwa kesho na mtu ajuaye majibu ya mtihani tu.

Wazee wetu wa pwani walikithamini kitabu. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimehifadhiwa hati za kale, zikiwamo za karne ya 19, na katika baadhi yake imeandikwa kwamba kitabu hiki ni wakfu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo matatu ambayo thawabu zake hazikatiki mtu afapo. Na elimu ya kitabu yamnufaishaje mtu, ikiwa hakuna akifunguaye?

Kwa hiyo twawanasihi ndugu zetu mambo mawili. Kwanza, mtoto ajapo likizo, tumuulize: umesoma vitabu gani, na kimoja chao chasema nini? Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kuuliza hivyo, na akapambanua jibu la kweli na la kubabaisha. Pili, jamaa wenye uwezo wachangiane, wamuulize mkutubi wa chuo cha watoto wao ni kitabu gani kinachohitajiwa, wakinunue na kukitoa wakfu. Wasipeleke kisichotakiwa, kikawa mzigo rafuni.

Nanyi vijana, neno la kwanza kuteremshwa kwa Mtume wetu lilikuwa amri ya kusoma. Mlango wa maktaba u wazi, na gharama zake wamekwisha kulipa wengine. Mwenyezi Mungu awajaalie elimu yenye manufaa. Amin.