Pua Katika Soko la Feri

Mtu atokaye Posta kwa miguu, akaifuata barabara ya Kivukoni huku maji ya bandari yakiwa kuume kwake, hupokewa na harufu ya samaki kabla hajalifikia soko la Feri. Lakini muuza samaki aliyekuwapo hapo tangu alfajiri, ukimwuliza saa nne kama soko linanuka, atakutazama kana kwamba umemsingizia. Pua yake haina maradhi, na hewa aivutayo ni ile ile uivutayo wewe. Tafauti imo katika hesabu ambayo pua na ubongo huifanya kabla ya mwenyewe kupata habari.

Harufu yenyewe ina asili yake. Samaki wa bahari hubeba katika nyama yake kemikali isiyonuka, imsaidiayo kustahimili mazingira ya maji ya chumvi, na akishakufa bakteria huigeuza kemikali hiyo kuwa trimethilamini, ambayo ndiyo impigayo mpita njia. Molekuli zake hupanda pamoja na pumzi hadi juu ya uwazi wa pua, penye utando mdogo wenye mamilioni ya seli za neva. Mwaka 1991 wanazuoni wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walidhihirisha jamii kubwa ya jeni zinazoumba vipokezi vya harufu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mwanadamu ana aina takriban 400 za vipokezi hivyo, na kila seli aghalabu hutumia aina moja tu. Kisha seli za aina moja hupitisha nyuzi zao katika vitundu vya mfupa ulio juu ya pua, zikakutane katika vifundo vyao ndani ya bulbu ya kunusia, kituo cha kwanza cha harufu katika ubongo.

Usahaulifu wa pua huanza humo humo katika seli. Molekuli zikigusa kipokezi, milango ya utando wa seli hufunguka na kuingiza kalsiamu, na kalsiamu hiyo hiyo hurudi ikaipunguzia milango wepesi wa kufunguka, hata harufu inayodumu ikazidi kupata jibu hafifu. Katika bulbu nako zimo seli ambazo kazi yao ni kuzuia: kadiri kelele ya vipokezi vyote inavyopanda, ndivyo zinavyoishusha, ili harufu kali isizifunike nyingine zote. Dalali wa mnada wa Feri hufanya vivyo hivyo, kwani bei iliyokwisha tajwa haimshughulishi tena, sikio lake lipo kwa anayeongeza. Na shilingi elfu moja juu ya fungu la elfu tano ni neno zito, ilhali juu ya laki moja haimgeuzi mtu shingo. Mjerumani Ernst Weber aliiona kanuni hiyo katika karne ya 19, akipima uzito wa vitu vishikwavyo mkononi.

Lakini kuna mashaka. Harufu ikizidi nguvu, huamsha hata vipokezi ambavyo kwa kawaida haviijali, na jumla ya vilivyoamka ndiyo iutambulishayo ubongo kwamba hii ni harufu gani. Basi ubongo utajuaje kuwa kitu ni kile kile, ila kimekaribia? Mara nyingi hujua. Mara nyingine hudanganyika, na waliozoea kutunga vikuba wanao ushahidi mkononi, kwa maana asumini ina indoli, ambayo ikiwa chache hunukia ua, na ikiwa nyingi hunuka kinyesi.

Zaidi ya hayo, harufu haitiririki kama maji ya bomba. Upepo wa kusi huikata vipande vipande, na kila pumzi huja na kadiri yake. Watafiti waliochunguza bulbu za panya wadogo wamekuta seli ambazo huitikia mageuko ya nguvu ya harufu kati ya pumzi moja na ifuatayo. Yaani, kumbukumbu fupi ya pumzi iliyopita imekwisha ingia kazini katika kituo hicho cha kwanza. Nadhani hapo ndipo penye siri ya panyabuku wa shirika la APOPO, lililo pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, ambao hupita juu ya matundu yaliyopangwa safu wakinusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kifua kikuu, na huweza kumaliza sampuli 100 kwa muda wa dakika 20: mnyama anusaye haraka hivyo hulinganisha tundu na tundu.

Mnunuzi wa Feri hana safu ya matundu. Akishakaa sokoni nusu saa, samaki aliyewazidi wenziwe kwa kuoza bado atamshtua, lakini aliyelingana nao katika uchakavu atapita bila kushtakiwa na pua. Kwa hiyo wazoefu hufunua matamvua watazame wekundu wake, huangalia kama macho yamedidimia, na hubonyeza nyama kwa kidole waone kama inarudi.