Bunduki Nyepesi na Mnyama Mzito

Mji wa Kasese umekaa baina ya milima ya Rwenzori na nchi tambarare inayotelemka hadi ziwa George na ziwa Edward, na sehemu kubwa ya nchi hiyo iliwekwa mwaka 1952 kuwa hifadhi ya taifa, ikaitwa kwanza Kazinga, kisha mwaka 1954, Malkia wa Uingereza alipozuru Uganda, ikapewa jina lake, Queen Elizabeth. Wakulima wa pamba wa Nyakatonzi, wavuvi wa Hamukungu na Kasenyi, wachimba chumvi wa Katwe, na hata wafanyabiashara wa Bwera na Mpondwe, ambao ng'ambo ya mpaka wao ipo hifadhi ya Virunga ya Kongo, wote ni majirani wa tembo, nyati na kiboko. Na jirani mwenye uzito wa tani tano, anayeingia shambani usiku mavuno yanapokaribia, humlazimisha mtu kufikiri juu ya mambo ambayo watu wa miji mingine huyasoma kwa kujifurahisha tu. Miongoni mwa mambo hayo limo swali ambalo mafundi wa bunduki na wasasi wamelijadili kwa zaidi ya miaka mia moja: je, yafaa kumkabili mnyama mkubwa kwa bunduki nyepesi, na ikiwa yafaa, wepesi huo utafutwe kwa kanuni gani?

Sheria na itangulie ufundi. Uwindaji ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, na ingawa baadaye ulirejeshwa katika maeneo machache yaliyotengwa, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliyoundwa mwaka 1996, hakuna raia aliye na ruhusa ya kuwinda ndani ya hifadhi ya taifa, kwa bunduki nzito wala kwa nyepesi. Kwa hiyo maneno haya yanamhusu kwanza askari wa wanyamapori ambaye wajibu wake humtaka asimame mbele ya mnyama aliyejeruhi watu. Pili yanamhusu msasi mwenye leseni katika nchi zinazomruhusu, kama Tanzania. Na tatu yanamhusu kila msomaji apendaye kuelewa jambo kwa sababu zake badala ya kulipokea kwa uvumi.

Kosa la wengi katika mjadala huu ni kuchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani wepesi wa bunduki yenyewe, ambao huhusu miguu, mikono na bega la anayeichukua, na udogo wa risasi, ambao huhusu ngozi, mifupa na viungo vya ndani vya mnyama. Mtu aweza kuwa na bunduki nyepesi yenye risasi kubwa, au bunduki nzito yenye risasi hafifu. Na kila moja ya hali hizo ina faida na madhara yake, ambayo hayaonekani dhahiri mpaka mambo hayo mawili yatenganishwe na kupimwa kila moja peke yake.

Mfano mashuhuri kabisa wa bunduki nyepesi ulitokea katika nchi hii hii ya Uganda. Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1954, alizunguka Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 akitafuta pembe za ndovu, hata akabandikwa jina la nchi hiyo. Zama hizo wasasi wengi wa Kizungu walishikilia bunduki za mitutu miwili, zenye uzito wa kilo tano na kuendelea, na zile za kaliba (yaani kipenyo kwa inchi) ya .600 zilifika kilo saba. Lakini Bell, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja katika maisha yake, aliwapiga walio wengi kwa bunduki ya Rigby ya kaliba ya .275, yenye risasi ya milimita 7 iliyobuniwa na Mauser wa Ujerumani, na bunduki hiyo haikuzidi sana kilo tatu. Alijaribu pia Mannlicher ya milimita 6.5, iliyokuwa nyepesi zaidi, akaiacha kwa ubovu wa risasi alizopelekewa, jambo ambalo kila mnunuzi wa bunduki yapasa alikumbuke, kwa maana silaha haiwi bora kuliko risasi zinazopatikana kwa ajili yake.

Ilikuwaje risasi ya gramu 11 ikatosha kumwangusha mnyama wa tani tano? Kupenya kwa risasi hutegemea mambo matatu makubwa: kasi yake, ugumu wa ganda lake, na uzito ulio nyuma ya kila sentimita mraba ya uso wake, na katika jambo hili la tatu ndimo ilimokuwa siri ya Bell. Ukigawanya uzito wa risasi ile ndefu ya milimita 7 kwa eneo la uso wake, utapata takriban gramu 27 kwa kila sentimita mraba. Risasi ya gramu 19 ya .375 hutoa gramu 27 vilevile. Na risasi ya gramu 32 ya .470, iliyotumiwa katika bunduki za mitutu miwili, hutoa gramu 28. Basi ijapokuwa nguvu yote ya bunduki ya Bell haikufikia nusu ya nguvu ya ile ya .470, risasi yake ilipita katika mfupa kwa umbali usiotofautiana sana na ule wa wakubwa wake, kama vile shazia nyembamba inavyotoboa gunia la pamba ambalo kidole, kwa nguvu ile ile ya mkono, hakiwezi kulitoboa. Fauka ya hayo Bell alitumia risasi zenye ganda gumu zisizotanuka, ambazo huhifadhi umbo lake zinapokutana na mfupa.

Lakini risasi nyembamba hufanya tundu jembamba, na tundu jembamba huua upesi likifika mahali maalumu tu. Ubongo wa tembo, wenye uzito wa takriban kilo tano, umekaa nyuma na chini katika fuvu kubwa lililojaa vijumba vya hewa, hata mtu asiyejua akilenga katikati ya paji la uso aweza kukosa kabisa, tembo akabaki amesimama na jeraha. Bell alipasua mafuvu kwa msumeno ili auone ubongo ulivyokaa kwa kila upande, na akajizoeza kulenga kwa bunduki tupu siku baada ya siku. Aidha aliwinda katika nchi ya nyasi na uwazi, akiwa na muda wa kungoja mpaka mnyama ageuke ubavu, na aliweza kuacha kupiga ikiwa nafasi haikuwa nzuri. Mwenye kuchukua bunduki ya Bell bila ya kuchukua maarifa yake na subira yake amechukua sehemu iliyo ndogo kuliko zote.

Hali ya askari wa Kasese ni kinyume cha hiyo. Yeye hachagui siku wala mahali. Huitwa alfajiri kwamba nyati amemjeruhi mvuvi, akamfuata mnyama huyo, ambaye tayari ana hasira au ana jeraha la mtego, katika vichaka vinene au katika kingo za msitu wa Maramagambo, ambako huenda wakakutana kwa hatua kumi. Hapo hakuna ubavu wa kungojea, na risasi hulazimika kuvunja mfupa wa bega au kupita pembeni mwa kikuta cha pembe, kisha ifike ndani ikiwa ingali na nguvu. Kwa ajili hiyo idara za wanyama za Afrika Mashariki zamani ziliwapa mabwana nyama na askari wao bunduki kama .404 Jeffery, yenye risasi ya gramu 26, na kwa ajili hiyo hiyo sheria ya Tanzania imeweka .375 kuwa kaliba ndogo ya mwisho kwa wanyama wa hatari kama tembo na nyati.

Bunduki ambayo askari wa hifadhi huichukua aghalabu siku hizi ni ya namna ya Kalashnikov, na hapa hesabu ile ile yafaa irudiwe, kwani inafunua jambo ambalo macho hayalioni. Risasi yake ina gramu 8 tu, na uzito nyuma ya kila sentimita mraba ni takriban gramu 16, yaani pungufu sana ya ile ya Bell, ambayo wenzake waliihesabu kuwa ndogo mno. Silaha hiyo iliundwa kwa vita vya watu, na kwa kazi ya kuwazuia majangili wenye silaha ina mahali pake. Lakini kumtegemeza askari juu yake mbele ya tembo anayeshambulia ni kumdhulumu askari, na kumpiga tembo kwayo ni kumdhulumu tembo, ambaye atakwenda na majeraha mengi yasiyomuua upesi.

Tukisha kukubali kwamba risasi isiwe hafifu, swali la wepesi wa bunduki lingalipo, nalo ni swali la haki. Tambarare za Kasenyi ziko katika kimo cha mita elfu moja hivi juu ya bahari, jua lake la adhuhuri ni kali, na mtu aliyebeba kilo tano na nusu tangu alfajiri hufika penye mnyama mikono ikitetemeka. Na mkono unaotetemeka huharibu kila fadhila ya risasi kubwa. Lakini bunduki inapopunguzwa uzito bila ya kupunguzwa risasi, teke lake huongezeka kwa kadiri ile ile. Bunduki ya .375 yenye kilo 4.2 humrudia mpigaji begani kwa nishati ya karibu jouli 50. Ukiipunguza hadi kilo 3.2, nishati hiyo hukaribia jouli 65, wakati bunduki ya Bell haikufika jouli 20. Mtu anayeliogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa ghafula, risasi ikaenda chini au kando, na tabia hiyo ikisha kuingia mwilini ni taabu kubwa kuiondoa.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba anayechagua aanze na risasi, si na mizani: .375 kwa mtu mmoja atakayetumia bunduki moja kwa kazi zote, na .404 au .416 kwa yule ambaye kazi yake hasa ni tembo na nyati wa karibu. Kisha atafute bunduki isiyopungua kilo 3.7 wala kuzidi kilo 4.3, pamoja na risasi zilizomo na mkanda wake, akikumbuka kwamba darubini na vishikizo vyake huweza kuongeza nusu kilo. Uzito na upunguzwe mahali pasipodhuru. Kitako cha nyuzi za kioo huwa chepesi kuliko cha mti wa jozi, nacho hakivimbi kwa mvua za Rwenzori; mtutu wa sentimita 56 hadi 60 hupita vichakani kwa urahisi; na mtutu mwembamba, ambao hupotosha shabaha ukipata joto baada ya risasi nyingi, haudhuru hapa, maana kazi hii huamuliwa na risasi ya kwanza na ya pili. Kando ya Katwe, ambako chumvi hula chuma, chuma kisichoshika kutu kinastahili gharama yake.

Mambo mengine yasipunguzwe kamwe. Kitako kiwe cha kipimo cha mwili wa mwenyewe, hata akiiinua bunduki macho yakiwa yamefumbwa, kisha akayafumbua, aione alama ya kulengea mbele ya jicho lake bila ya kusogeza kichwa. Mpira wa begani uwe mnene. Na mtambo uwe wa namna ya Mauser, wenye ukucha mrefu unaoishika risasi tangu inapotoka katika kasha lake, ili isikwame hata mtu akiisukuma kwa haraka. Baada ya kununua, ajizoeze sana kwa bunduki ndogo ya .22 isiyo na teke, kisha kwa bunduki yake yenyewe risasi chache kila safari, akiwa amesimama, amepiga magoti, na ameegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja, kwani meza ya uwanja wa shabaha haitakuwako msituni.

Nchi hii imekwisha kulipa gharama ya silaha nyepesi katika mikono isiyo na dhima. Katika vurugu za miaka ya 1970 silaha za kijeshi zilienea, na kufikia mwaka 1980 katika hifadhi ya Queen Elizabeth walisalia tembo wapatao 150 tu, ilhali miaka michache kabla yake walihesabiwa kwa maelfu. Na vifaru wa mwituni walitoweka Uganda nzima mapema katika miaka ya 1980. Tembo wamerejea kwa maelfu kwa juhudi za watu wengi, na kurejea kwao ndiko kunakomletea mkulima hasara anayoilalamikia kwa haki. Dawa ya kwanza ya hasara hiyo ni handaki, ua wa umeme na ulinzi wa usiku. Bunduki ni ya mwisho. Lakini siku ya mwisho ikifika, insafu kwa mkulima, kwa askari na kwa mnyama inataka kila kikosi kinachoitwa mashambani kiwe na angalau bunduki moja ya .375 au zaidi, yenye uzito unaochukulika kutwa nzima, mikononi mwa mtu aliyefundishwa mwili wa tembo na nyati kabla ya kufundishwa kuwapiga. Gharama ya bunduki hiyo na ya mafunzo hayo ni ndogo kuliko thamani ya maisha yanayoitegemea, nao wenye kusimamia hifadhi zetu wanastahili kuidai na kupewa.