Simbamarara wa Chatsworth na uzito wa kiti kimoja

Juni 1999, kura za uchaguzi mkuu wa pili wa kidemokrasia Afrika Kusini zilipokwisha kuhesabiwa, ANC ilijikuta na viti 266 kati ya 400 vya Bunge la taifa. Theluthi mbili ni 267. Chama kilichokuwa kimeshinda karibu kila kona ya nchi kilipungukiwa na kiti kimoja tu. Kiti hicho kilipatikana Durban. Minority Front, chama kidogo ambacho kura zake karibu zote zilitoka kwa Wahindi wa KwaZulu-Natal, kilikuwa kimepata mbunge mmoja wa taifa, na kiongozi wake, Amichand Rajbansi, akakubali kushirikiana na ANC. Theluthi mbili ikatimia.

Wazee wa Durban ukiwatajia jina la Rajbansi, wengine hucheka na wengine hukunja uso. Watu walimwita "Bengal Tiger", yaani simbamarara wa Bengali. Kwa zaidi ya miaka 30 hapakuwa na uchaguzi uliowahusu Wahindi wa mji huu ambao yeye hakuwamo. Tumechagua kuandika habari zake kwa sababu maisha yake yanaibua swali linalotuhusu sisi wenyewe, watoto wa jamii ndogo katika mji mkubwa: watu wachache wafanye nini ili wasikike?

Mlango wa kwanza

Rajbansi alizaliwa mwaka 1942 Clairwood, kusini mwa Durban. Alipokuwa kijana, serikali ya ubaguzi ilikuwa inaupanga mji upya kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950. Wahindi walihamishwa kwa maelfu kutoka mitaa waliyoizoea, na kuanzia miaka ya 1960 wengi wao wakapelekwa Chatsworth, mji wa nyumba zilizopangwa mistari mistari juu ya vilima na kugawanywa kwa namba badala ya majina.

Hapa wanachama wa klabu yetu wana sababu ya kutulia kidogo. Miongoni mwa waliopelekwa Chatsworth walikuwamo pia watu wanaoitwa Wazanzibari. Mababu zao, wengi wao Wamakhuwa wa kaskazini mwa Msumbiji, walikombolewa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na kati ya 1873 na 1880 zaidi ya 500 wakashushwa bandari ya Natal. Walikuwa Waislamu, wakakaa Kings Rest, kule Bluff, kwa vizazi kadhaa. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke kundi gani. Mwishowe ikawaandika kuwa "Waasia Wengine", ikawahamishia Bayview, ndani ya Chatsworth. Hivyo watu wa asili ya Kiafrika wakawa majirani wa Wahindi kwa amri ya karatasi. Mtu akijua habari hiyo anaelewa kwamba "Wahindi wa Chatsworth", ambao Rajbansi alisema anawatetea, ni kundi ambalo mipaka yake ilichorwa kwa sehemu na karani wa serikali.

Siasa za Rajbansi zilianzia katika Baraza la Wahindi wa Afrika Kusini, chombo kilichoundwa na serikali hiyo hiyo ili kuwapa Wahindi sauti isiyo na nguvu. Novemba 1981 uchaguzi wake uliposusiwa, ni kama asilimia 10 tu ya waliojiandikisha waliojitokeza kupiga kura. Natal Indian Congress, chama kilichoanzishwa na Gandhi mwaka 1894, kiliongoza mgomo huo. Rajbansi alibaki ndani, akawa mwenyekiti wa kamati kuu ya Baraza.

Agosti 1984

Mwaka 1983 serikali ya P. W. Botha ilileta katiba mpya yenye Bunge la nyumba tatu: wabunge 178 wa Wazungu, 85 wa Machotara na 45 wa Wahindi. Waafrika, walio wengi wa nchi, hawakupewa hata kiti kimoja. Hesabu hiyo ya nne kwa mbili kwa moja ilihakikisha kwamba nyumba mbili ndogo, hata zikiungana, haziwezi kuishinda ile kubwa.

Uchaguzi wa Bunge la Wajumbe, nyumba ya Wahindi, ulifanyika tarehe 28 Agosti 1984. Kiasi cha mpiga kura mmoja kati ya watano waliojiandikisha ndiye aliyejitokeza. Chama cha Rajbansi, National People's Party, kilipata viti 18, na Solidarity cha J. N. Reddy viti 17. Kwa tofauti ya kiti kimoja, Rajbansi, aliyeshinda Arena Park huko Chatsworth, akawa Mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri la nyumba hiyo, akakaribishwa katika baraza la mawaziri la Botha.

Siku chache baadaye, tarehe 13 Septemba, viongozi sita wa upinzani waliokuwa wakisakwa na polisi waliingia katika ubalozi mdogo wa Uingereza hapa hapa Durban na kuomba hifadhi. Walikuwa Archie Gumede, Mewa Ramgobin, M. J. Naidoo, George Sewpersadh, Billy Nair na Paul David. Walikuwa wamewaambia watu wasipige kura. Picha hizo mbili za mwezi mmoja, mtu mmoja akiingia kwenye baraza la mawaziri na wengine sita wakijificha ofisini kwa wageni, ndizo zinazowafanya wazee wengine wakunje uso mpaka leo.

Wanaomtetea husema alipigania nyumba, shule na mikopo kwa kutumia kile kilichokuwapo. Wanaompinga husema kilichokuwapo kilikuwa mtego, na aliyeingia aliupa mtego heshima. Tume ya Jaji Neville James, iliyochunguza mambo ya Bunge la Wajumbe, haikumwonea haya. Mwisho wa 1988 alikuwa ameshaondolewa kwenye cheo chake, na ripoti ya 1989 ilipendekeza asipewe tena kazi yoyote inayohitaji uadilifu. Mwanasiasa mwingine angestaafu. Yeye aligombea tena mwaka huo huo wa 1989 akarudi bungeni, ingawa safari hii Solidarity ndiyo iliyokuwa mbele.

Kura mbili za mpiga kura mmoja

Chama chake kilikaa katika mazungumzo ya CODESA yaliyoanza Desemba 1991, na mwaka 1993 kikabadili jina na kuwa Minority Front. Wengi walidhani demokrasia itamzika. Ilitokea kinyume, na sababu yake imo katika hesabu.

Kwa wazazi wetu waliotoka Tanzania au Kenya, mbunge ni mtu wa jimbo la uchaguzi: anayeongoza, hata kwa kura moja, anachukua kiti, na waliobaki wanarudi nyumbani. Afrika Kusini ya 1994 iliamua vingine. Mtu hupigia chama, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura. Bunge la jimbo la KwaZulu-Natal lilikuwa na viti 81 mwaka 1994, na 80 tangu 1999. Katika viti 80, kiti kimoja ni kama asilimia 1.25 ya kura, na mabaki yanapogawanywa chama kinaweza kukipata hata kwa pungufu ya hapo. Tena hakuna kiwango cha chini kinachowafungia mlango wadogo. Jamii iliyosongamana sehemu chache, Chatsworth, Phoenix na nyinginezo, inaweza kukusanya kiasi hicho.

Mwaka 1994 Wahindi wengi wa KwaZulu-Natal walikipigia National Party, chama kile kile cha Botha. Rajbansi alipata asilimia 1.3 tu ya kura za jimbo. Zilimtosha. Akaingia Bunge la jimbo akiwa peke yake.

Mwaka 1999 chama chake kilipata kura zaidi ya 86,000 katika kura ya jimbo, karibu asilimia 3, na viti viwili. Katika kura ya taifa kilipata zaidi ya 48,000 tu kwa nchi nzima. Maana yake, maelfu ya watu waliingia kwenye kibanda, wakakipa chama kikubwa karatasi ya taifa na kumpa Rajbansi karatasi ya jimbo. Mwaka 2004 ikawa hivyo tena: zaidi ya 71,000 jimboni, zaidi ya 55,000 kwa taifa. Wapiga kura walijua vizuri kuliko wachambuzi kwamba mambo ya jirani hutaka mtu wa jirani.

Matokeo ya 2004 ndiyo kilele chake. ANC ilipata viti 38 kati ya 80, na IFP 30. Hakuna aliyekuwa na nusu. Viti viwili vya Minority Front viliwafikisha ANC 40, na Rajbansi akawa waziri wa jimbo wa michezo na burudani. Mtu ambaye ripoti ya jaji ilikuwa imemfunga, sasa alikuwa ndani ya serikali ya chama ambacho wafuasi wake walikuwa wamemsusia miaka 20 iliyotangulia.

Baada ya 2009 hesabu ilibadilika. ANC ilipata viti 51 na haikuhitaji mtu. Minority Front ilibaki na viti vyake viwili, vilivyokuwa na idadi ile ile ya sauti, lakini sasa bila uzito. Kiti kimoja huwa na thamani pale tu mizani inapokaribiana.

Baada ya simbamarara

Rajbansi alifariki tarehe 29 Desemba 2011, akiwa bado mbunge wa jimbo. Uongozi ulimwangukia mkewe, Shameen Thakur-Rajbansi, katikati ya mivutano ndani ya chama. Mwaka 2014 kura zilishuka hadi kama asilimia 1 na kiti kimoja, na chama kikatoka Bunge la taifa. Mwaka 2019 kilibakiwa na karibu nusu ya asilimia moja, na kiti kimoja kilichookolewa na mabaki. Mwaka 2024 viti 80 vya jimbo viligawanywa kwa MK, IFP, ANC, DA, EFF na NFP. Kwa mara ya kwanza tangu 1994, Minority Front haikuwamo.

Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa njia yake. Alijenga chama kama mtu anayejenga nyumba kwa nguzo moja, na nguzo ilikuwa yeye mwenyewe. Kazi ya kulea wengine wa kushika usukani haikufanyika kwa wakati, na wapiga kura wakahamia vyama vikubwa, hasa DA. Udhaifu wa pili ni ule wa mwanzo: kuomba kura kwa jina la kundi ambalo ubaguzi ulilichora ni kukubali mchoro wenyewe, hata pale ambapo Mzanzibari wa Bayview na Mhindi wa jirani yake wanahangaikia bomba lile lile la maji na kodi ile ile ya nyumba.

Lakini hatuwezi kumdharau. Alionyesha kwamba katika mfumo huu wachache hawalazimiki kunyamaza, mradi wajue kuhesabu na wajitokeze siku ya kura. Wenzetu wengi wa klabu wana vitambulisho vya Afrika Kusini na hawajawahi kujiandikisha. Wanasema kura moja haibadilishi kitu. Mwaka 1999 theluthi mbili ya Bunge la nchi hii ilisimama juu ya kiti kimoja kilichojazwa na watu wa vilima vinavyoonekana ukipanda ghorofa za juu za maktaba yetu.

Mjadala wa klabu wa mwezi ujao utakuwa juu ya hoja hii: jamii ndogo ijenge chama chake, au iingie ndani ya vyama vikubwa na kupigana humo? Waandishi wa makala haya tumegawanyika. Njooni mtusaidie kuamua.