Je, Wajua? Gavana wa Texas hawezi kumfuta kazi naibu wake

Katika jimbo la Texas, Marekani, wananchi humchagua gavana kwa kura yake na naibu gavana kwa kura nyingine. Ndiyo maana George W. Bush wa chama cha Republican alipoingia madarakani mwaka 1995, naibu wake alikuwa Bob Bullock wa Democratic, na kazi ilikwenda. Mwanasheria mkuu, mdhibiti wa fedha, kamishna wa ardhi na wa kilimo nao huchaguliwa na wananchi. Chanzo ni Katiba ya 1876, iliyoandikwa na watu waliochoshwa na madaraka makubwa ya Gavana Edmund J. Davis. Katibu wa jimbo ndiye huteuliwa na gavana, tena kwa idhini ya Seneti.