Mguu wa Kushoto Kwanza

Jioni moja kwenye steji ya Ruiru, konda alimwambia shosho mmoja, "Mguu wa kushoto kwanza, mathe!" Matatu ya kutoka Thika ilikuwa bado inajongea. Shosho akashika chuma cha mlango kwa mikono miwili, akagoma kushuka hadi magurudumu yalipotulia. Abiria wakaanza kuguna. Mimi nilikuwa nyuma yake na sikuguna. Kazi yangu ni fiziotherapia, na nilijua shosho hakuwa mwoga. Alikuwa amepiga hesabu.

Ukishuka kwenye gari linalotembea, mguu mmoja unapaswa kubeba uzito wote wa mwili na kufunga breki papo hapo. Msuli una nyuzi za aina mbili. Zipo za polepole, zinazokuwezesha kutembea na kusimama muda mrefu, na zipo za haraka, zinazokudaka unapojikwaa. Umri unaposonga, hizi za haraka ndizo husinyaa zaidi. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea kutoka Makongeni hadi katikati ya mji wa Thika bila kupumzika, kisha akaogopa kidato kimoja cha matatu.

Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu mtu kuwa mzee anapopita miaka 60. Mwili hausomi kitambulisho. Wanaokuja kwangu ni nadra waseme wamezeeka. Husema miguu imekuwa mizito, au kwamba viti vya siku hizi vimetengenezwa vifupi. Viti havijabadilika. Kijana akiinuka bila kujisukuma kwa mikono hutumia chini ya nusu ya nguvu za mapaja yake, na nyingine hubaki akiba. Mtu wa miaka 75 anaweza kutumia karibu zote kwa kuinuka kulekule. Kazi ni ileile, ila ghala limekaribia sakafu. Hapo hata homa ya siku tatu kitandani inaweza kumaliza kilichobaki, na familia ikashangaa mbona mzee alipona malaria lakini hasimami tena.

Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, imeokoa muda wa wengi. Lakini aliyezoea kuvuka barabara kwa miguu, ardhini, sasa hupanda daraja, apite juu ya magari, kisha ashuke. Waulize wazee watakwambia kupanda kunachosha, kushuka kunatisha. Wana haki. Wakati wa kushuka, msuli wa mbele ya paja hufanya kazi huku ukirefuka, ukiuzuia mwili usiporomoke, na goti hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Sidai madaraja hayo yang'olewe, yanaokoa maisha. Nasema tu kwamba aliyeyachora alikuwa na magoti mazuri.

Macho na masikio nayo hufuata njia zao. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, mkono ukaanza kuwa mfupi kila ujumbe wa M-Pesa unapoingia. Masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s, f na t, hivyo mzee husikia kwamba unaongea bila kunasa unachosema. Ukimpigia kelele hupati faida. Mgeukie, punguza kasi.

Ajabu ni kwamba ndani mtu hajisikii hivyo. Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa 2006 ulionyesha kwamba watu waliopita miaka 40 hujihisi wadogo kwa takriban asilimia 20 kuliko umri wao. Mimi mwenyewe nina miaka 58, na kila nikisikia "shikamoo" sokoni huangalia nyuma kuona nani anasalimiwa.

Ile akiba ya nguvu za misuli huweza kuongezwa, tena katika umri ambao wengi wamekata tamaa. Mwaka 1990 madaktari wa Boston waliwapa mazoezi ya uzito wakazi wa nyumba ya wazee, wengi wao wakiwa na miaka 90 au karibu yake. Baada ya wiki nane nguvu za miguu yao zilikuwa zimezidi maradufu. Kutembea peke yake, ambako sote hukusifu, hakutoshi. Msuli hutaka mzigo.

Mama mmoja anayeuza maparachichi katika soko la Madaraka, Thika, nilimpa zoezi moja tu: kuinuka kitini mara 10, mikono ikiwa kifuani, asubuhi na jioni. Hufanyia palepale penye bidhaa zake, kwenye kiti cha plastiki, akihesabu kwa Kikuyu. Mteja akimkatiza katikati, humpimia akiwa amesimama, kisha hudai kwamba ile nayo ihesabiwe.