Mshtarii Haitaki Haraka, Inataka Fremu Fupi

Mara ya kwanza nilipoielekeza kamera ya darubini kwenye Mshtarii, sayari ile ilitetemeka kwenye skrini kama sarafu iliyozama kwenye beseni la maji. Nikaurefusha muda wa kupokea mwanga, nikitumaini picha angavu. Nikaambulia duara jeupe kama yai, bila mkanda hata mmoja wa mawingu.

Adui wa picha ya sayari ni hewa. Joto linalopanda kutoka kwenye mabati na lami huupinda mwanga bila kukoma. Dawa yake ni kurekodi video ya fremu fupi mno, kisha kubakiza zile zilizonaswa hewa ilipotulia.

Kwa Mshtarii, anza na milisekunde 10. Pandisha usikivu wa kamera hadi mwanga ufike kama asilimia 70 ya kipimo. Chenga zitajaa kwenye skrini, lakini usiogope: zitafifia programu kama AutoStakkert itakapozipanga fremu bora moja juu ya nyingine. Punguza ukubwa wa fremu ibaki sayari na ukingo mdogo, ili kamera ipate kasi. Kwa fremu 100 kila sekunde, dakika 2 zinakupa fremu 12,000. Chagua 1,500 zilizo safi. Usirekodi kwa muda mrefu zaidi ya hapo, kwani Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, na madoa yake huhama. Zohali ina mwanga hafifu, iongezee milisekunde.

Video hizi zina faida kubwa. Tarehe 3 Juni 2010, Anthony Wesley wa Australia alinasa mmweko wa kama sekunde 2 kwenye Mshtarii, na Christopher Go wa Ufilipino akaukuta kwenye video yake. Wote wawili wanapiga picha za anga kwa mapenzi tu.

Nasi tulio karibu na ikweta tumejaliwa. Mwaka 2020, Mshtarii haikufika nyuzi 20 juu ya upeo wa London; Dar es Salaam ilipita nyuzi 70, ambako mwanga hupenya tabaka fupi zaidi la hewa.

Niliporudi kwenye darubini na milisekunde zangu 10, mikanda miwili ya kahawia ilijitokeza. Juu ya mmoja kilikaa kivuli cha mwezi Io, cheusi kama punje ya pilipili manga.