Tuyatunze Mabakuli ya Kuba za Kilwa

Makanisa mengi ya kale ya Ulaya yana madirisha ya vioo vya rangi vilivyoungwa kwa risasi. Risasi ikichoka vioo hulegea, na fundi huvishusha kimoja kimoja, akavisafisha na kuvirudisha mahali pake. Mwambao wetu nao ulikuwa na namna yake ya kuipamba nyumba ya ibada: mafundi walipachika darini mabakuli ya kauri yenye kung'aa, yaliyoletwa na majahazi kutoka ng'ambo.

Mfano wake uko Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wa kuba wa karne ya 15. Bakuli lilipachikwa, na chokaa ilipokauka ikalishika barabara. Mengine yangali darini. Penginepo limebaki shimo la duara tu.

Yameharibiwa na nini? Mvua hupenya paani, mizizi hupasua kuta, chumvi ya bahari hula mawe. Lakini baya zaidi ni mkono wa mtu. Bakuli ling'olewalo kwa patasi aghalabu huvunjika; na hata likitoka zima, likiwa mbali na kuba yake halielezi tena habari za waliolipachika.

Wako pia waharibuo kwa nia njema, wakizibao nyufa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, nayo huzuia unyevu usitoke. Unyevu huo hubeba chumvi, na chumvi ikiganda ndani hulimega jiwe lenyewe. Chokaa ni laini, hupitisha unyevu, na ikichakaa hubadilishwa bila kuumiza jengo. Kwa hiyo ukarabati wa magofu hurudia chokaa: mawe ya matumbawe huchomwa, huzimwa kwa maji, kisha huchanganywa na mchanga.

Juhudi hizo zina faida. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliorodheshwa miongoni mwa urithi ulio hatarini. Baada ya kuta kuimarishwa na mmomonyoko wa ufuko kukabiliwa, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Nawe, msomaji uishiye Kilangala, Kilwa au kwingineko mwambaoni, huenda kijijini kwako pana msikiti au kaburi la kale. Kata vichaka vingali vidogo, wala usiing'oe mizizi iliyokwisha kuingia ukutani. Usisugue kauri kwa waya wala tindikali. Kipande kikianguka, usikigandishe kwa saruji; andika mahali kilipoanguka, kisha upeleke habari kwa wahusika wa mambo ya kale. Sheria ya mwaka 1964 huyalinda majengo na vitu hivi, na watoto wafundishwe kwamba bakuli la ukutani si la kuuzwa.